Programu Yangu Imeombewa Sotik

Leo nimedhalilika Sotik, na aliyenidhalilisha ni kitufe.

Chama chetu cha wakulima wa maziwa kilitaka kuona kama programu niliyoandika, ya kupanga orodha za wanachama, ina kasi. Ikifaulu, itumike. Ikishindwa, waagize nyingine Nairobi, nami nirudi kuandika makala zinazosomwa na mke wangu pekee (akibanwa).

Nikaweka simu mezani nipime muda. "Matokeo nitayapitisha kwa tee," nikasema kwa madoido. Tee ni amri inayoonyesha maandishi kwenye skrini huku ikiyahifadhi kwenye faili. Mwenyekiti wetu, Mama Chebet, ambaye huniita Mwalimu, akaita jikoni: "Leteni tea, Mwalimu hawezi kuanza bila tea."

Nikaanzisha programu. Skrini tupu. Chai ikaja. Tupu. Chai ikanywewa. Tupu.

"Hii ndiyo ile ya haraka?" akauliza Mzee Koech, mweka hazina.

"Inafikiria, mzee."

"Hata ng'ombe wangu hufikiria, lakini maziwa yanatoka."

Nikalaumu stima. Nikalaumu kompyuta. Mama Chebet akasimama. "Tuiombee."

Akaombea programu, kompyuta, ng'ombe wa Sotik yote, na mimi, "mtoto wetu aliyesoma akachanganyikiwa". Niliinama kuliko wote. Kwenye "Amina", paji langu la uso likatua kwenye kibodi.

Orodha nzima ikamwagika kwa mpigo mmoja. Watu wakapiga makofi. Mzee Koech akavua kofia.

Mstari wa mwisho ulisema: "Kazi imekwisha. Bonyeza Enter."

Kumbe! Ukitumia tee, maandishi hayatoki mstari kwa mstari. Hukusanyika kwanza, kama maziwa ndani ya mkebe, kisha humwagwa pamoja programu inapofungwa. Programu ilikuwa imemaliza kabla ya chai kufika. Ilikuwa ikingoja niibonyezee Enter, ila maneno ya kuniambia hivyo yalikwama mkebeni. Simu yangu ilikuwa imepima chai, lawama na sala.

Nikaanza kueleza. Mama Chebet akanigusa bega. "Mwalimu, usimnyang'anye Mungu sifa."

Wameikubali programu, kwa sharti moja: isiwashwe bila Mama Chebet kuwepo.

Msicheke, tafadhali. Orodha zinahitajika kesho asubuhi, na Mama Chebet anaenda harusi Siongiroi.