Njiwa Wangu Si Kuku

Kwa Bi Ruweida,
Mwenyekiti, Kamati ya Njiwa wa Kupinga Vita,
Kuze, Mombasa.

Mheshimiwa Bi Ruweida,

Salaam aleikum, na pole kwa kazi ya kutundika njiwa mia nne. Mimi ni Oloo, niliyekuwa mwendesha kreni bandarini Kilindini, sasa nimestaafu. Mlipotangaza kwamba kila nyumba ishone njiwa mmoja wa kitambaa cheupe, atundikwe pamoja na wenzake kupinga vita, nilimshona wangu siku tisa kwa mkono wangu mwenyewe. Nilimshona kwa ajili ya Idris, baharia Msudani tuliyeshibana naye bandarini. Tangu vita vianze kwao, kila nikimpigia hapatikani.

Kwa heshima zote, nalalamika kama ifuatavyo:

1. Siku ya ufunguzi, Bwana Tayebali, muuza vitambaa na jirani yangu wa miaka ishirini, alinyoosha bakora juu akauliza mbele ya wageni, "Na yule kuku wa nani?" Watu wakacheka. Nawe Bi Ruweida ulijiziba mdomo kwa mtandio, lakini mabega niliyaona yakitikisika.

2. Mmemtundika juu mno. Hata mimi mwenyewe, kwa macho haya, naona weupe tu.

3. Bi Mbodze anayeniuzia mahamri ameniuliza kama anataga.

4. Mimi na Bwana Tayebali hatusemezani. Siku ya kumi na moja leo nanywa kahawa yangu upande huu wa njia, naye yake upande ule, tumepeana migongo. Kahawa ya peke yako ni maji machungu tu, lakini siwezi kuanza mimi.

Kwa hiyo naomba Bwana Tayebali aombe radhi kwa maandishi. Chini ya ndege wangu pabandikwe "HUYU NI NJIWA". Na wageni wote wa siku ile waitwe tena, wakiri mmoja mmoja. Yasipotimizwa, sitakuwa na budi, kwa masikitiko makubwa, kutangaza vita humo humo kwenye maonyesho.

Nisalimie kamati yote, na Bi Swafia aliyetuletea sharubati. Bwana Tayebali usimsalimie; ila ukimwona, mwambie kile kikohozi nakisikia, atumie tangawizi.

Ni mimi, mpenda amani aliyeudhiwa,
Oloo

Baada ya sahihi: Mke wangu Nekesa ameshuka basi Mwembe Tayari asubuhi hii akitoka kwao Bungoma. Ameisoma barua, kisha akaniuliza kiko wapi kifuniko chake cheupe cha buli, kile alichokishona kwa umbo la kuku. Tumefungua kabati. Njiwa wangu yumo, ndani ya mfuko wake; kifuniko ndicho hakimo. Nimevuka njia nikamwomba Bwana Tayebali radhi. Amecheka hata akapaliwa, kisha akaagiza kahawa mbili. Nawaletea njiwa wa Idris pamoja na barua hii. Nekesa anasema ni bata. Bwana Tayebali alimtazama kwa muda mrefu, akavua miwani, akasema ni njiwa.