Terpini kwa Kaka Yake Balqees

Jumapili, 9 Novemba

Siku imepangwa. Ijumaa, baada ya alasiri, Khattab anakuja kwangu hapa Maskat, Khuwair ya Kusini, kuisikiliza posa yangu. Mimi Majid, mgane wa miaka sita. Balqees, mwalimu wa Al Amerat, mjane wa minne. Yeye mwenyewe keshakubali. Kilichobaki ni kaka yake tu, mstaafu wa wizara, uso kama mlango wa bohari. Kawaida mimi ndiye wa kwenda kwao, lakini anataka kwanza aone nnavyoishi. Ameleta salamu kuwa atasikiliza mara moja, hatarudia, kwa sababu amesikia nna maneno mengi.

Mimi! Niliyemnyamazisha fahali wa Barka kwa kumkazia macho tu!

Jioni Manal, binti wa dada yangu Sayyida, alikuja kusomea mtihani wake wa ufamasia sebuleni kwangu. Nikamuuliza leo somo gani. Bangi. Nikaruka kitini! Akanambia nitulie, mjomba, ni ya kitabuni, nchi hii hata mbegu yake ni jela. Kisha akanieleza. Watu hudhani bangi zinapitana kwa ukali tu, kumbe mna vitu viitwavyo terpini, ndivyo vinavyotoa harufu. Limonini, ile ile ya ganda la limau, inasemekana huchangamsha. Linaluli, ya mrehani, hutuliza. Pinini, imo hata kwenye ubani wetu wa Dhofar, huamsha akili. Mimea miwili ya ukali mmoja, harufu mbalimbali, na waliovuta husimulia mambo mbalimbali. Akaongeza jambo kuhusu ushahidi kuwa bado mchache na wataalamu wanabishana, lakini mimi nishaondoka kutafuta kalamu.

Harufu inaendesha kichwa! Basi kichwa cha Khattab dereva wake mimi. Tena kwa halali, bila ya bangi.

Jumanne, 11 Novemba

Nimechanganya. Ubani, maganda ya limau, mrehani mkavu, karafuu kidogo. Karafuu sikuambiwa, lakini mimi nilizaliwa Pemba. Nikiwa na miaka saba nilikuwa nanusa gunia nikataja shamba, mwenye shamba na jina la mkewe.

Majaribio mawili. La kwanza, Harrison, mlinzi wa jengo letu, Mkenya, mtu wa kanisani. Nikauwasha mchanganyiko kwenye chetezo, nikampitishia puani. Dakika tano, kalala kitini, mdomo wazi! Linaluli! Manal akasema Harrison alikesha kazini na hajalala tangu jana. Harrison mwenyewe alipoamka akathibitisha, akaongeza, "Mzee, tafadhali, hiyo moshi peleka mbali, mimi niko na kifua." Watu hawaijui sayansi hata ikiwalaza.

La pili, dada yangu Sayyida. Alinusa, akanitazama nilivyofunga kitambaa puani na daftari mkononi, akacheka mpaka akakaa chini. Limonini! Nimeandika: majaribio mawili, ushindi mara mbili.

Ijumaa, 14 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Walikuja watatu, Khattab na wazee wawili wa kwao. Majlisi ya wageni inang'aa. Halwa mezani, kahawa imo birikani, Sayyida jikoni kakaanga sambusa sahani nne. Khattab akakaa, akanitazama kama faili lenye kasoro. Nikasema hapa bila dawa sitoki. Manal kasema vitu hivi vinataka muda kufika kichwani. Basi kwa nini nisubiri?

Nikaingia na chetezo. Moshi, mashaallah, wingu! Nikaanza kwa mzee wa kwanza. Akatazama chetezo, akatazama halwa ambayo haijaguswa. Akajifukiza ndevu taratibu. Wa pili akajifukiza kilemba. Khattab akajifukiza kanzu, akatazama saa yake. Wakainuka wote watatu, wakanishukuru kwa ukarimu, wakavaa viatu. Nikasimama na chetezo changu nikifurahi: wametulia hao! Kweli walitulia. Walitulia mpaka kwenye gari, gari likaondoka.

Sayyida akatoka jikoni na sambusa. Akauliza wageni wako wapi. Akakiona chetezo mkononi mwangu. "Majid! Umewafukiza kabla ya kahawa? Si umewafukuza hao!"

Nnajua! Mtoto wa miaka mitano anajua. Udi ukipita, mgeni anaaga. Maisha yangu yote nimewafukiza wageni mwisho. Lakini leo haukuwa udi, ilikuwa dawa! Wao watajuaje?

Nimekula sambusa tisa. Balqees kaniponyoka.

Jumamosi, 15 Novemba

Manal kaniletea habari kutoka kwa Balqees, anabana kicheko. Khattab alifika nyumbani anafoka kuwa tangu azaliwe hajatolewa nyumba ya mtu upesi vile, hata kahawa hakuonja. Balqees alipomsikiliza akacheka. Akacheka mpaka machozi. Khattab akaacha kufoka, maana hajamsikia dada yake akicheka hivyo tangu afiwe na mumewe. Mwishowe akasema haya, aje Alkhamisi huku kwetu, nitamsikiliza mara ya pili.

Sayyida anasema nimeokolewa na ujinga wangu. Manal anasema mjomba, mshukuru Mungu. Nimemshukuru. Lakini nnajiuliza: kile kicheko kilitoka wapi? Kanzu ya Khattab! Ilijaa moshi wangu. Limonini imepanda milima, imeteremka Al Amerat, imemfika Balqees mwenyewe. Mwanamume gani Maskat nzima ametuma furaha kwa njia hiyo?

Jumatatu, 17 Novemba

Balqees ametuma masharti yake. Nije Alkhamisi. Nisishike chetezo. Nisiwashe kitu chochote. Niongee kidogo. Nimekubali yote, na nimeapa mbele ya Sayyida.

Kishada cha kanzu hakikutajwa.

Kile cha shingoni, kila mwanamume hukitia manukato kidogo, desturi yetu. Changu kimeshinda kutwa kwenye kikombe cha mafuta ya limau na mrehani. Hakuna moto, hakuna moshi, hakuna kiapo kilichovunjwa. Khattab akinikumbatia kunisalimia, pua yake itakuwa papo hapo.

Nimekijaribu kwanza kwa Harrison. Nimeivaa kanzu, nikamwinamia. Kapiga chafya mara sita na machozi yakamtoka.

Machozi! Kama Balqees!