Upande wa Ukuta

Jumatatu, 4 Agosti

Dada yetu Emmah amepiga simu kutoka Theta. Nyumba imeisha, vyumba vitatu, na Jumamosi anamhamisha Mama kutoka Kamenu. Kile chumba chetu kimoja cha mabati! Nimekaa kibandani kwangu hapa Kiuu nikikikumbuka, hadi nikamuuzia mteja viatu viwili vya mguu wa kushoto.

Tulilala watatu kitanda kimoja. Kaka yangu Zacharia ukutani. Emmah mzungu wa nne, miguu yake masikioni mwetu. Mimi ukingoni, nikivuta blanketi ambalo halikunifikia. Mama chini, juu ya magunia. Miaka kumi na miwili ukingoni! Nikiuliza kwa nini, naambiwa nyamaza ulale. Zacharia alipendwa zaidi, basi. Nina miaka arobaini na saba na bado inaniuma.

Mpango: tulale pale wote Ijumaa, mara ya mwisho, kama zamani. Ukuta nitachukua mimi. Nimemwambia Zacharia ni ombi la Mama. Nimemwambia Mama ni ombi la Zacharia.

Jumatano, 6 Agosti

Wamekubali! Mama amecheka hadi akakohoa. Emmah ataleta chapati. Lakini Zacharia, ambaye siku hizi ni mzee wa kanisa na tumbo linamtangulia, amesema yeye atalala pahali pake. Pahali pake! Utadhani ana hati ya shamba.

Nimemwambia, kwa sauti ya huzuni, kwamba kunguni wamerudi, na wote wako upande wa ukuta. Mke wangu Mumbi alikuwa anasikiliza, akaniuliza kama nina akili timamu. Huyo kwao kila msichana alikuwa na kitanda chake. Atajua nini?

Ijumaa, 8 Agosti, jioni

Aibu! Zacharia amefika saa sita mchana na dumu la mafuta taa, akachemsha maji, akamwagia kitanda chote. Eti Mama asihamie Theta na kunguni. Nilipofika, godoro letu lilikuwa nje limeanikwa, na doa kubwa la maji katikati. Ploti nzima inajua maana ya godoro nje. Mama Kamene, jirani yetu tangu tukiwa wadogo, akasimama na karai la nguo, akapaza sauti:

"Gachau! Kwani bado?"

Watoto wakacheka. Wapangaji nisiowajua wakanipa pole.

Si neno. Saa moja kamili nimejilaza, viatu mguuni, mgongo kwenye ukuta. Zacharia ameniangalia, akasema haya, lala hapo, akachukua ukingo. Hakubishana hata kidogo! Mama tumemsihi apande kitandani, amekataa katakata. Ametandika chini, pale pale pa zamani. Naandika nikiwa ukutani. Raha iliyoje!

Jumamosi, 9 Agosti

Sijalala. Ukuta ule unatoa maji! Baridi ya Agosti inalowesha mabati, na matone yanashuka hadi kwenye godoro. Zile katoni tulizobandika zamani zimeoza. Kufikia saa nane nilikuwa nimeloa mgongo mzima. Nikamwamsha Mama, nikamuuliza waziwazi kwa nini alimpa Zacharia ukuta.

"We Gachau," akasema, "kifua chako kilikuwa kinapiga filimbi usiku kucha. Na huko ni maji. Zacharia akasema yeye ataweza."

Zacharia alikuwa na miaka tisa. Kisha Mama akasema aliniweka ukingoni ili awe ananishika mguu akiwa chini, ajue haraka nikikosa pumzi.

Nikaukumbuka ule mkono. Wenye joto, kwenye kifundo cha mguu, kila usiku. Siku zote nilifikiri ananizuia nisianguke. Nimelia, nakiri. Kwa kuwa nilikuwa nimeloa tayari, hakuna aliyejua.

Kulipokucha nikachungulia. Mama yuko usingizini, mkono wake umepanda kitandani. Ameshika mguu wa Zacharia. Mguu mzima, wa mzee wa kanisa! Na Zacharia anatabasamu akikoroma.

Jumapili, 10 Agosti

Tumemfikisha Mama Theta jana. Ana chumba chake, kitanda chake, na dirisha linaloangalia mahindi. Kitanda cha zamani kimewekwa chumba cha wageni, na Emmah ameamua Krismasi tutakilalia tena, sote, na Mama chini kama anataka. Leo baada ya kanisa nimemshukuru Zacharia kwa ile miaka ya ukutani. Nimemshukuru kwa moyo wote. Akapangusa macho, akanikumbatia. Halafu akasema ukingoni alilala vizuri ajabu, hajui ni kwa nini, na Krismasi atalala huko huko.

Nimewaza njia nzima hadi Kiuu. Kesho nitampigia simu, kwa sauti ya huzuni. Nitamwambia kunguni wamehamia ukingoni.