Kufukuzwa kwa Mlinzi wa Kompyuta Yangu

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi katika ukurasa wako. Mimi ni mpiga chapa. Nina meza, kompyuta na printa moja kwenye kibaraza cha duka la vitambaa. Nimewaandikia watu barua zao kwa miaka kumi na moja. Hii ni yangu mwenyewe, na naiandika kwa kalamu kwa sababu utakazoziona.

Namlalamikia fundi wa kompyuta wa mtaani kwetu. Nilimwomba ushauri wa kuweka antivirasi mpya. Akasema, bila hata kuketi, kwamba kwanza niing'oe ya zamani, isibaki hata chembe, niwashe kompyuta upya, ndipo niweke mpya. Malalamiko yangu ni haya:

1. Antivirasi ile imenilinda miaka sita. Kila asubuhi iliniandikia: "Uko salama." Mume wangu hajawahi kuniambia hivyo hata siku moja. Kumfukuza mtumishi wa aina hiyo bila kuagana ni utovu wa adabu.

2. Kwa hiyo sikuing'oa. Niliiweka mpya kando yake, nikitumaini mkubwa atamfundisha mdogo kazi. Haikupita nusu saa, mpya ikatangaza imekamata mhalifu, na mhalifu mwenyewe ni ya zamani. Ya zamani nayo ikaitia mpya karantini. Kompyuta ikaganda. Mteja aliyekuja kuchapa barua ya kuomba likizo akakata tamaa, akarudi kazini.

3. Katika vurugu hizo ilikamatwa kadi ya harusi ya shangazi yangu. Shangazi ana miaka hamsini na tisa. Amemzungusha fundi saa mmoja mjane kwa miaka mitatu, sasa amemkubali, na harusi ni Jumamosi. Antivirasi hizi hazijawahi kupatana kwa lolote, ila zimepatana kwamba kadi hiyo ni hatari. Shangazi yuko hapa tangu asubuhi, mkoba mapajani. Ameniuliza mara moja tu, kwa sauti ya chini: "Mwanangu, hao walinzi wako wananilinda na nani?"

4. Nilipompigia fundi wa kompyuta simu, alicheka.

Kwa hayo, naiomba serikali itunge sheria: antivirasi isiondolewe bila notisi ya miezi mitatu, hafla ya kuagwa na cheti cha utumishi mwema. Fundi yeyote atakayetamka neno "ng'oa" apelekwe kozi ya utu. Ikibidi, harusi ya shangazi iahirishwe mpaka walinzi wapatane.

Nisalimie wasahihishaji wako wote, mpiga picha, na yule dada wa mapokezi mwenye kikohozi, natumaini amepona.

Ni mimi, niliye chini ya ulinzi mkali,
Mpiga chapa wa kibarazani

Nyongeza: Ndugu Mhariri, tafadhali usiichapishe barua hii. Nilipokwenda kutafuta bahasha, shangazi aliketi kwenye kiti changu, akampigia yule fundi wa kompyuta simu na kumfuata neno kwa neno. Akazima, akawasha, akaitoa kadi karantini, akaziondoa antivirasi zote mbili pamoja na masalia yake, akawasha tena, akaweka mpya peke yake. Dakika ishirini. Sasa kadi zinatoka kwenye printa, za moto. Ya zamani, kabla ya kuondoka, ilimwomba aeleze kwa nini anaiondoa. Akavaa miwani, akaandika kwa kidole kimoja: "Naolewa Jumamosi."