Sabuni na Gari Linalotetemeka

Mjini kuna watu wanaoishi kwa jasho, na kuna wanaoishi kwa mdomo. Sabuni alikuwa wa kundi la pili, tena kiongozi wao. Jina hilo alipewa na madereva wa teksi, kwa sababu alikuwa na povu jingi na hakuna aliyewahi kumshika akashikika.

Siku tunayoizungumzia alikuwa ameegemea pikipiki yake nyekundu nje ya duka la dawa, uso umemshuka. Alikuwa na tatizo la heshima. Mchumba wake alikuwa muuguzi mmoja mwenye macho ya kupima homa, na mbele ya baba wa binti huyo Sabuni alikuwa amejisahau akasema ana gari. Hakuulizwa, povu lilipanda tu lenyewe. Mzee, aliyeendesha malori mpaka akastaafu, akajibu kwa upole: "Vizuri. Jumapili njoo nalo, tukuone. Binti yangu simpi mtu wa porojo." Sasa Jumapili ilikuwa inakuja mbio, na Sabuni hakuwa na gari, hakuwa hata na usukani. Na yule muuguzi, Sabuni alimpenda kweli. Tusimdhulumu: mengi aliyoyasema Sabuni maishani yalikuwa uongo, ila hilo.

Ndipo akaliona. Gari dogo jeupe, limesuguliwa likang'aa, viti bado vimevaa nailoni ya dukani. Aliyekuwa akiingia ndani yake ni bibi mmoja mwenye miwani ya kamba, mwalimu mkuu mstaafu ambaye nusu ya watu wazima wa mji ule aliwahi kuwachapa, na wote walimwita Bibi Mkuu. Alipowasha, boneti ilicheza kidogo. Sabuni akanyooka. Injini inayocheza ni mlango uliofunguliwa, na mlango ukiwa wazi Sabuni hapigi hodi.

Biashara yake siku hizo ilikuwa mikono ya injini. Kitu chenyewe si uongo, na hilo lazima tuliseme, maana uongo mzuri huwa na mifupa ya kweli. Injini hukalia raba, na ukikanyaga mafuta hujipindua kidogo. Mkono ni fimbo ya chuma inayofungwa upande mmoja kwenye injini na upande wa pili kwenye bodi, ili injini isijitupe. Ukifungwa vizuri, na raba kwenye ncha zake, injini hutulia, ingawa mtetemo kidogo huingia ndani. Ukifungwa chuma kwa chuma, gari zima hutetemeka kama mwenye homa. Mikono ya Sabuni ilichomelewa kwa mabomba ya vitanda, ikapakwa rangi nyekundu, na habari za raba hakuwa nazo. Mteja akirudi kulalamika, Sabuni humpigia makofi: "Hiyo ndiyo nguvu, kaka! Ilikuwa imelala, sasa imeamka!" Na kaka huyo hurudi nyumbani anatetemeka kwa furaha.

Lakini siku hiyo akili yake ilipiga hatua. Ikiwa mtetemeko unaweza kuuzwa kama nguvu, kwa nini usiuzwe kama ugonjwa? Amfungie bibi mkono, gari litetemeke, bibi aogope, naye alichukue kwa bei ya huruma. Kisha aufungue mkono, gari lipone. Hata yeye mwenyewe alijiogopa kidogo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimewahi kukufundisha?"

"Natamani ungenifundisha, Mama. Leo ningekuwa mtu."

"Basi sikukufundisha. Niliowafundisha hawanisifii hivyo."

Sabuni akamwomba afungue boneti, akanyoosha kidole kama mtu anayeonyesha nyoka. "Unaiona inavyojitupa? Ikiendelea hivi itakata mabomba. Nina mkono wake hapa, umebaki huu mmoja. Kwa walimu natoa bure."

"Bure?" Bibi Mkuu akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Na gari halitatikisika zaidi?"

"Litatulia tuli, kama maji ya mtungini."

Bibi akamnyooshea funguo. "Lizungushe mtaani kwanza basi, ulisikie lilivyo kabla hujaligusa."

Hapa, ndugu msomaji, bahati ilisimama ikamsubiri Sabuni. Fundi yeyote, hata wa kubahatisha, huliendesha gari kabla hajashika spana, ili ajue ugonjwa uliokuja nalo na ule atakaoutia yeye. Lakini Sabuni hakuwa fundi; alikuwa msanii. Akacheka, akausukuma mkono wa bibi kwa adabu.

"Mama, daktari mzuri humjua mgonjwa kwa kumtazama."

"Mungu akubariki," akasema Bibi Mkuu, na kwa kweli alionekana amefurahi sana.

Sabuni akaufunga mkono wake palepale, chuma kwa chuma, akakaza mpaka spana ikalia.

Wiki ilipokaribia kwisha akaenda kumjulia hali nyumbani. Bibi Mkuu alikuwa ameketi kibarazani na kitambaa cha kufutia machozi. "Mwanangu," akasema, "gari langu linakufa." Akaenda akaliwasha ili naye ashuhudie. Lo! Kioo cha ndani kilitikisa kichwa kukataa kila kitu, kopo la pipi likatembea juu ya dashibodi mpaka ukingoni, na mlango wa nyuma ukafunguka kwa hiari yake. Sabuni alistaajabu, kisha moyoni akajipigia saluti. Hakuwa amejua kwamba ana kipaji kikubwa hivyo cha kuharibu.

Akaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, akafumba macho.

"Pole sana, Mama. Imeiva ndani."

"Imeiva kabisa?"

"Inakaribia kuungua. Ningekuwa mwanao wa kumzaa, ningekuambia uachane nalo kabla halijakuumbua barabarani."

"Nani atalitaka, na hali hii?"

Sabuni akashusha pumzi ndefu, pumzi ya mtu anayejitoa mhanga. "Nitalichukua mimi, Mama. Nitapata spea mbili tatu."

Bibi Mkuu akalia kidogo, akakunja kitambaa, na machozi yakakauka haraka kuliko ilivyo desturi ya machozi. Fedha hakutaka, alisema fedha ndani ya nyumba huzaa wageni. Alichotaka ni ile pikipiki nyekundu iliyoegeshwa getini, mjukuu wake wa kike, mwoka mikate, aitumie kuwapelekea wateja. Pikipiki ile ndiyo kitu pekee duniani Sabuni alichokinunua kwa njia iliyonyooka, na juu ya kiti chake cha nyuma ndipo mchumba wake alipomshika kiuno kwa mara ya kwanza. Ilimuuma. Lakini Jumapili ilikuwa mlangoni, na gari ni gari. Wakaandikishana, wakabadilishana kadi na funguo, na bibi akamsindikiza mpaka barabarani huku akimwombea dua ndefu.

Sabuni akakata kona ya kwanza, akaegesha kando ya ukuta wa ghala, akafungua boneti huku anaimba. Akazilegeza nati, akauchomoa mkono, akautupa kiti cha nyuma. "Haya, mgonjwa wangu," akasema, "simama utembee." Akawasha, akakanyaga mafuta.

Mtetemeko mdogo, ule wa kuwasha meno, ulikuwa umetoweka. Huo ndio uliokuwa wake. Ukabaki mkubwa, na huo ulikuwa wa gari lenyewe. Injini ikajirusha kushoto, ikajirusha kulia, ikagonga bodi gwa! gwa!, mpaka mpita njia mmoja akahamia upande wa pili wa barabara. Sabuni akazima, akainama kuchungulia. Raba za kukalia injini zilikuwa zimeoza zikabaki vumbi jeusi. Siku zile chache zilizopita hakuna kitu cha maana kilichokuwa kikiishikilia injini ile isipokuwa bomba lake la kitanda.

Akaelewa yote kwa mpigo. Alikuwa ameingizwa mjini, yeye mzaliwa wa mjini.

Akaurudisha mkono kwa haraka, akarudi kwa bibi mbio, yaani mbio alizoziweza lile gari. Bibi Mkuu alikuwa getini, helmeti kichwani, ameketi juu ya pikipiki anajaribu honi.

"Mama! Hili gari lina tatizo!"

"Najua, mwanangu. Si ulinieleza mwenyewe? Imeiva ndani."

"Hapana, Mama, ile ilikuwa..."

"Ilikuwa nini?"

Ili Sabuni alalamike kwamba gari ni bovu, ilimpasa kwanza akiri kwamba alipolitangaza bovu alikuwa anadanganya. Bibi Mkuu akamngoja, kwa subira ya mtu aliyengoja majibu ya wanafunzi maisha yake yote.

"Mama, ulikuwa unajua?" akauliza hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Nimelitafutia mnunuzi mwaka mzima. Kila anayekuja huliendesha mpaka pale kwenye kona, analiacha, anarudi kwa miguu. Wewe ndiye wa kwanza kukataa funguo." Akapiga honi kidogo. "Nikasema moyoni, huyu nimeletewa."

Jumapili ikafika, maana Jumapili haijui huruma. Sabuni alivaa koti na tai. Alikuwa amekata ndala zake akazitia kwenye ncha za mkono: raba za kwanza alizowahi kumfungia mteja, na mteja mwenyewe alikuwa yeye. Injini iliacha kugonga, lakini gari liliendelea kutetemeka, na tai ilimcheza kifuani njia nzima. Aliitumia safari hiyo kufanya mazoezi ya ile hotuba ya nguvu iliyokuwa imelala.

Mzee alikuwa amesimama getini na binti yake.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Usizime."

Mzee akaingia ndani, akatoka na glasi iliyojaa maji, akaiweka juu ya boneti. Glasi ikaanza safari. Ikazunguka boneti taratibu kama mgeni anayetafuta nyumba ya mtu, ikafika ukingoni, ikaanguka ikavunjika.

"Sasa zima," akasema mzee. "Umelipata wapi?"

Povu likapanda mpaka kooni. Hotuba yote ilikuwa tayari, na ilikuwa nzuri. Sabuni akamtazama mchumba wake, akayaona yale macho, na kwa sababu ambayo mpaka leo haijui, akasema ukweli. Akaeleza habari za bibi, mkono, funguo alizozikataa na pikipiki aliyoitoa, bila kutia chumvi hata punje.

Mzee alicheka mpaka akashika geti asianguke. Muuguzi hakucheka.

"Umeitoa pikipiki?" akauliza. "Ile yetu?"

"Nilishasema nina gari. Ningefanyaje?"

"Siku ileile nilimwambia baba kwamba huna. Alitaka kuona tu utakuja na nini. Ungekuja na pikipiki ukasema, 'Samahani, nilidanganya,' sasa hivi ungekuwa umeketi sebuleni."

Sabuni alikuwa ameshachekwa na Bibi Mkuu na bado akala chakula chake vizuri jioni. Hili lilimwingia mpaka mfupani. Alitamani kulia, na nusura alie.

Mzee akajifuta macho. "Vua koti," akasema. "Vifaa viko stoo. Siku glasi itakapokaa juu ya boneti hii bila kumwaga tone, nitakukaribisha ndani tuzungumze mambo ya watu wazima. Na glasi utanunua wewe."

Akaingia ndani huku bado anacheka. Sabuni akavua koti, akakunja mikono ya shati, akateleza chini ya gari. Mafuta machafu yakamdondokea shingoni. Muuguzi akachuchumaa kando ya gurudumu, kidevu juu ya magoti.

"Itachukua muda gani?"

"Kwa fundi kama mimi..." akaanza Sabuni, kwa mazoea. Akaitazama injini juu yake, kwa mara ya kwanza kama mtu anayetaka kuijua.

"Sijui," akasema.

Mchumba wake akacheka, akamsogezea spana.

"Hilo," akasema, "nimeliamini."