Shanta la Kwenda Sagalla

Badawy alikuwa na studio ya picha iliyokamilika kila kitu isipokuwa kamera. Alipanga chumba karibu na stesheni ya Voi, akatundika pazia lililochorwa maporomoko ya maji ambayo mchoraji mwenyewe hakuwahi kuyaona, akaweka na kiti cha kuzunguka kilichozunguka upande mmoja tu. Mlangoni aliandika kwa rangi nyekundu: BADAWY STUDIO, PICHA ZA KILA NAMNA. Jirani mmoja aliwahi kuingia akitaka picha ya namna yoyote ile, akaambiwa mashine iko Mombasa inapakwa mafuta.

Sababu ya yote hayo ilikuwa Mwanamvita. Badawy alimpenda Mwanamvita kikweli, na huenda hilo ndilo jambo pekee la kweli alilokuwa nalo mwaka huo wa 1979. Tatizo lilikuwa baba wa msichana, Mzee Mwinyihaji, fundi wa kuezeka nyumba, aliyewatazama watu kwa jicho lile lile alilotazamia mbao: anafumba moja, anatafuta palipopinda. Badawy alikwenda kumposa binti akiwa na kanzu ya kuazima, akajisifia studio yake mpaka chai ikapoa. Mzee alimsikiliza hadi mwisho.

"Vyema," akasema. "Mimi nina kazi ya paa siku mbili. Alhamisi n'takuja unipige picha humo studioni mwako. Picha ikitoka, Ijumaa twafunga nikahi. Isipotoka, mwanangu ana binamu zake."

Binamu wenyewe walikuwa watatu, wote wana mishahara, na mmoja ana pikipiki.

Basi Jumanne asubuhi Badawy alikuwa kibarazani pa Mwanaesha, mama muuza chai na mahamri, ametandaza mashanta matatu juu ya mkeka. Kuiba kamera hakukumpitia akilini. Kuiba ni kazi ya watu wasio na maneno. Yeye alitaka kupewa. Na wakati ulikuwa mzuri. Tangu serikali ipige marufuku uwindaji miaka miwili nyuma, kila aliyeshuka Voi kwenda mbugani alikuwa na kamera shingoni badala ya bunduki begani. Hila ilikuwa nyepesi: mkoba wa kamera haupimwi mtupu, kama vile kiatu hakipimwi bila mguu. Mteja anatia vyombo vyake ndani, mtaalamu anauvaa mgongoni, anatembea hatua kumi kusikiliza mikanda inavyolia. Hatua ya kumi na moja ilikuwa ya kuelekea stesheni. Kwamba angelazimika kurudi Alhamisi kuifungua studio katika mji ule ule, hilo alikuwa bado hajalifikiria. Wajanja hufikiria kimoja kimoja.

Wa kwanza kusimama hakuwa mtalii. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, kamera shingoni, stendi ya miguu mitatu kwapani na kikapu cha mkonge mkononi. Jina lake Wakio, na ndiye aliyekuwa mpiga picha wa Sagalla yote. Siku hizo wanawake nao walikuwa wameanza kutakiwa wawe na vitambulisho, kwa hiyo Wakio alizunguka mlima mzima akiwaketisha akina mama mbele ya shuka jeupe na kuwakataza kucheka.

"Karibu, dada," Badawy akamwambia. "Naona kamera inakuumiza shingo."

"Shingo imezoea. Haya mashanta ni ya nini?"

"Hizi ni nyumba za kamera, dada. Mimi ni Badawy, mtaalamu wa mikoba ya vyombo vya picha, Mombasa, Tanga na Lamu."

"Na Voi?"

"Na Voi, kuanzia leo."

Wakio akachuchumaa. Alianza na shanta la jeshi, rangi ya kaki, lililotoka vitani zamani likiwa na tundu moja ambalo Badawy aliliita dirisha la hewa. "Hili linafungukia juu peke yake," akasema. "Nikitaka lenzi iliyo chini kabisa, nitoe vyote niviweke kwa nyasi?"

"Hilo ni la watu wenye subira."

"Mimi sina. Na hili jekundu la nailoni, likinyeshewa?"

"Halipitishi maji kabisa."

Wakio akachukua kikombe cha chai cha Badawy, akamimina iliyobaki ndani ya shanta. Wote wawili wakatazama chini. Chai ilitoka polepole, tone baada ya tone, ikaangukia kiatu cha mtaalamu.

"Maji halipitishi," Badawy akasema bila kupepesa. "Hiyo ni chai."

La tatu lilikuwa la turubai nene, limeshonwa na fundi wa viatu kutoka hema lililochakaa, ndani limewekwa vipande vya blanketi vilivyogawa vyumba vyumba. Lilifunguka ubavu mzima, na pembeni lilikuwa na mikanda ya kufungia stendi. Wakio aliuvuta kila mshono, akaingiza ngumi katika kila chumba, akabana blanketi kwa vidole kuona kama limejaa. Badawy alikuwa amelinunua kwa bei ya kutupa na hakujua kwamba ni shanta zuri. Jambo hilo lilimshangaza kidogo.

"Hili lina akili," Wakio akasema. "Bei gani?"

"Shilingi themanini. Lakini kwanza tulipime na vyombo ndani, dada. Lete kamera niikague vumbi. Vumbi la Voi ni adui wa lenzi."

Akaichukua, akaigeuza huku na huku kama daktari anayempima mtoto, akabonyeza hiki na kile mpaka mlango wa nyuma ukafunguka. Akachungulia ndani, akaielekeza juani apate kuona vizuri, akapuliza mara tatu.

Wakio alifumba macho. Alipoyafumbua alimtazama Badawy kwa muda mrefu, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza. Badawy, aliyezoea kuona watu wakilegea, akajua huyu ameshalegea.

"Kumbe wewe ni mtaalamu kweli," Wakio akasema taratibu.

"Alhamdulillahi. Sasa nilivae, nitembee hatua kumi."

"Hatua kumi za tambarare zitanisaidia nini? Mimi kazi yangu iko Sagalla juu. Shanta la mlimani linapimwa mlimani. Halafu nyumbani niko na kamera ingine, ile kubwa ya studio, ya marehemu mjomba. Imekaa tu. Ukinifikishia hivi vyombo, utaipimia na yenyewe shanta lake."

Hapo ndipo mtu mwenye kiasi angechukua cha mkononi akaenda zake. Lakini kamera kubwa ya studio! Badawy alimwona Mzee Mwinyihaji ameketi kwenye kiti cha kuzunguka, amekunja uso mbele ya mashine kubwa nyeusi, akiambiwa asitikisike. Gari la moshi la saa nne likapiga honi, naye hata hakugeuka.

"Kwa heshima yako, dada, nitapanda," akasema.

Wakio akaliingiza shanta ndani kwa Mwanaesha akavipange vyombo vizuri. Nyuma ya pazia kulisikika minong'ono, kisha wanawake wawili wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Badawy akadhani Mwanaesha anamsifu. Wakio alipotoka, shanta alilivuta kwa mikono miwili, mdomo umefungwa kwa kamba ya mkonge yenye mafundo yasiyohesabika.

"Mafundo yote haya?"

"Vumbi. Si umesema ni adui?"

Badawy akaliinua, akalirudisha chini. "Mbona limekuwa zito hivi?"

"Nimeongeza lenzi za kupigia ndovu kutoka mbali. Nilikuwa nimeziacha kwa Mwanaesha."

"Ngapi?"

"Mingi... nyingi sana," Wakio akasema, akajitwika kikapu chake chenye sabuni, chumvi na mahamri ya mama yake.

Wakatoka mjini, wakavuka nyika nyekundu, wakaanza kupanda. Mwanzoni Badawy alizungumza. Alieleza jinsi mikanda inavyotakiwa kulala begani, jinsi uzito unavyotakiwa kukaa kiunoni. Njia ilipoinuka maneno yakapungua, na ilipoinuka zaidi yakaisha, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulishuhudia. Mikanda ilimkata mabega. Lakini kadiri ilivyomkata ndivyo alivyofurahi, maana kila ratili ilikuwa lenzi. Ndani mlikuwa mkilia kidogo, che, che, che, naye alipunguza mwendo kwenye mawe ili vioo visigongane. Hakuwahi kubeba mtu wala kitu kwa huruma namna ile.

"Dada, nipe hamri moja."

"Haya ni ya mama. Ukitia mkono kwa kikapu ataniuliza."

Na njia ile haikuwa ya faragha. Kwao Sagalla mtu hapiti na mzigo bila kupewa pole na kuulizwa aendako. Mzee Donald, mwenye jembe begani, aliwapa pole, akauliza mgeni ni nani. "Fundi wa mikoba," Wakio akajibu, "amejitolea." Mzee akavua kofia. Kufika kijito cha pili, habari ilikuwa imeshawatangulia: kuna kijana wa Kiislamu kutoka mjini, mwenye adabu, anambebea Wakio mzigo bila malipo. Akina mama walisimama kando ya mashamba yao kumtazama.

Kwenye kona kali kuliko zote Wakio alitangulia. Badawy akaegemea mwamba, akahema, akaona sasa heri nusu shari kuliko shari kamili. Kamera moja na lenzi za ndovu zinamtosha. Ya marehemu mjomba na ibaki na marehemu. Akageuka, akaanza kuteremka kwa hatua za paka. Hakufika mbali. Waimbaji wa kanisa, wanawake saba, walikuwa wakipanda kwenda mazoezini, mbele yao Priscilla mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

"Umepotea, baba!" Priscilla akapaza sauti kwa huruma ya kweli. "Kwa kina Wakio ni huku!"

Wakamgeuza kwa upole, wawili wakamshika viwiko, wakampandisha kwa wimbo wa sauti nne mpaka mlangoni.

Ilikuwa nyumba mpya ya mama yake Wakio, Bi Tryphena. Kuta zilikuwa tayari, kenchi za paa zimesimama, lakini juu kulikuwa na mbingu tupu. Bi Tryphena alikuwa ameketi katikati ya vyombo vyake uani, akitazama mawingu kwa mashaka, maana mvua za vuli zilikuwa zimekaribia na nyumba ya zamani ilikwisha bomolewa. Juu ya kenchi fundi mmoja alikuwa ameinama, mgongo kwao, nyundo mkononi.

"Wakio!" akaita bila kugeuka. "Misumari imekuja?"

Badawy aliitambua sauti kabla ya kuelewa neno.

"Imekuja, fundi! Iko mgongoni hapa!"

Fundi akageuka, akafumba jicho moja. Badawy, akiwa na wanawake saba nyuma yake na mlima chini yake, hakuwa na pa kwenda. Wakio akayakata mafundo kwa kisu. Ikamwagika misumari ya inchi tatu, ya inchi nne, na ile ya mabati yenye kofia, kilo ishirini na tano kamili, na katikati ya rundo mlikuwa na kipande cha blanketi kilichoizuia isipige kelele. Badawy aliitazama kama anayetazama maiti ya jamaa.

Mzee Mwinyihaji akashuka ngazi.

"Shikamoo, mzee," Badawy akasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Studio umemwachia nani?"

Wakio alimtazama Badawy, naye Badawy akamtazama Wakio kwa macho ya mbuzi wa sikukuu. Neno moja lingetosha, na Mwanamvita angepanda pikipiki ya binamu.

"Studio sijui," Wakio akasema. "Mimi namjua kama mchukuzi. Nilikosa mtu wa kuniletea misumari, wote wako mashamba ya mkonge. Huyu akajitolea. Amebeba kutoka Voi bila senti." Kisha akatia mkono chini ya mahamri, akatoa kamera yake, akaifuta kwa leso. "Kama ana studio, fundi, asimpige mtu picha humo. Amenifungulia kamera juani, filamu ya picha thelathini na sita ikaungua yote. Akina mama wa mlimani itabidi niwakataze kucheka upya."

Waimbaji wakaguna kwa sauti nne.

"Ati, Badawy," mzee akasema. "Kamera unayo?"

Uongo wa namna kumi na moja ulimjia, wote mzuri. Lakini mabega yalikuwa yakiuma kiasi kwamba hakuweza kuinua hata mmoja. "Sina, mzee. Nina pazia."

"Basi."

"Na kiti."

Mzee Mwinyihaji akamzunguka polepole, akayatazama mabega yaliyovimba, akayabonyeza kwa kidole. Badawy akapiga yowe.

"Niliapa mwanangu haolewi na mwongo," mzee akasema. "Lakini waongo niwajuao mimi hawabebi hata mwavuli wao wenyewe. Wa kupanda Sagalla na misumari mgongoni sijapata kumuona." Akayatazama mawingu aliyokuwa akiyatazama Bi Tryphena. "Lori la mabati lilishindwa na kona jana, likayashusha pale chini ya kanisa. Mabati arobaini. Yakiwa hapa yote kesho Magharibi, Ijumaa twafunga nikahi. Yasipokuwa, nisikuone mlangoni."

Wakio akamtilia Badawy noti mkononi. "Themanini zako. Shanta nimelipenda. Limefika na hakuna mshono umekatika."

Ilikuwa biashara ya kwanza ya halali maishani mwake, na ilimuuma vibaya sana. Akazitia mfukoni, akapiga hesabu: mabati mawili mawili, safari ishirini, mlima upo pale pale. Akamfikiria Mwanamvita, akaiomba leso ya Wakio, akaifunga kichwani iwe kata ya mzigo, akageuka.

Bi Tryphena alimwita ale kwanza. Hakusimama. Aliteremka mbio, kabla mzee hajakumbuka kwamba kuna na mbao za kubebwa.