Ombi la Moshi wa Umeme

Ardlaw,
24 Julai, kilele cha majira ya baridi huku kusini.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Nyumba Zenye Joto,
Halmashauri ya Wilaya.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na joto la kutosha. Sisi huku bondeni hatujambo, ila umeme tu, ambao hatujauona tangu theluji ilipoangusha nguzo tarehe 15. Naandika kwa heshima zote nikiwa jikoni kwa baba yangu, Mzee Wattie Lamont, mwenye miaka themanini na sita, ambaye zamu yake ya kuhudumiwa nanyi ni mwezi ujao. Mmeahidi kumng'olea jiko la makaa ya mawe, kuiziba kwa matofali dohani yake ya kutolea moshi, na kumfungia mashine ya joto ya umeme, bure. Fomu iko hapa mezani, inangoja sahihi yake. Kabla hajaitia, naomba nitoe malalamiko machache, kama nilivyoyaandika katika shajara yangu.

1. Nalalamika kwanza juu ya Bi. Ina Purdie, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito. Yeye mlimfanyia hisani hiyo mwaka jana. Mashine yake ni nzuri mno, nyeupe kama jino la mtoto, na umeme ulipokatika ilionyesha utii wa ajabu: ilizimika papo hapo. Bi. Ina, badala ya kusoma kipeperushi chenu kisemacho "Umeme Ukikatika, Usiwe na Wasiwasi", akaanza kuona baridi. Huo ni utovu wa shukrani.

2. Nalalamika juu ya tabia ya baba yangu. Kila asubuhi, hata meno hajavaa, husimama dirishani akatazama mapaa ya bonde zima. Penye moshi husema, "Huyu kaamka." Pasipo moshi, huvaa buti akaenda kubisha hodi. Ndivyo wazee wa huku walivyojuliana hali tangu enzi za babu zao, bila kamati. Lakini paa la Bi. Ina halitoi moshi tena, awe mzima, awe maiti.

Siku ya kwanza baba alivuka kijito, theluji ikimfika magotini, akabisha hodi. Akajibiwa kupitia tundu la barua: "Mzima mimi! Nenda zako, we Wattie, unaniingizia baridi!" Akarudi anacheka. Kuanzia hapo alibaki akilitazama paa, na paa halikumwambia kitu. Nikamtuliza kwamba mpango wenu una orodha ya wazee wa kupigiwa simu. Simu zilikuwa zimekufa. Basi nikasema ofisa atapita. Baba akaniuliza, "Atapitaje, Nettie, na mabawa?" Naomba aonywe kwa kutumia akili bila kibali.

3. Nalalamika juu ya barafu. Tarehe 18 bwawa liliganda sawasawa, jambo ambalo halitokei kila mwaka. Kipeperushi chenu kinasema wazee wasitoke nje kwa hali yoyote. Wazee wa Ardlaw wakatoka wote. Waliburuta kwa sleji, ule mkokoteni wa theluji usio na magurudumu, yale mawe yao ya duara yenye mikono, fagio na chupa zao, wakaenda kuyatelezesha barafuni kuelekea shabaha, mchezo wao wa jadi, huku wakitukanana kwa furaha. Bi. Agnes Bisset aliuacha mkongojo wake kando ya bwawa, akasema, "Huo ni wa nyumbani."

Sasa, nahodha wa timu ya baba ni Bi. Ina. Hajakosa barafu tangu alipokuwa msichana wa kusukwa nywele. Baba alitazama upande huu na ule, kisha akaliweka jiwe lake chini. "Ina hayupo barafuni," akasema. Fagio zote zikawekwa chini, na mchezo uliopigwa marufuku ukavunjika pasipo msaada wa halmashauri.

4. Nalalamika juu ya jiko. Tulivuka kijito wote, tukamkuta Bi. Ina kitandani, amevaa makoti mawili na kofia ya marehemu mumewe, midomo ya bluu, akizungumza na dada yake aliyezikwa zamani. Wazee walimlaza juu ya sleji ya mawe, wakamvuta. Mdogo kuliko wote nilikuwa mimi, mwenye miaka hamsini na saba, na ndiye niliyeanguka. Tukamweka mbele ya jiko hili hili mnalotaka kuling'oa. Jioni akafumbua macho, akauliza, "Nani kashinda?" Jiko halikuwa na mamlaka ya kufanya hivyo.

Kwa kuwa dohani lazima zizibwe, naomba kila nyumba ya mzee ifungwe juu ya paa kifaa cha kutoa moshi wa umeme, kitakachowaka mwenye nyumba akiamka na kuzimika akifa. Kwa kuwa umeme wetu una mazoea yake, kifaa kiwe na betri. Kwa kuwa betri haipendi baridi, ipashwe moto na jiko dogo la makaa ya mawe, likae jikoni kwa usalama. Na kwa kuwa jiko hilo litatoa moshi, naomba, kama bajeti inaruhusu, tundu paani.

Nisalimie wajumbe wote, na karani wenu, na yule mzee wa kwenye picha ya kipeperushi, anayetabasamu kando ya mashine akiwa na shati la mikono mifupi. Mwambieni tunamwonea wivu.

Wenu katika koti,
Nettie Lamont.

N.B. Baba ameisoma barua hii na kuitia fomu sahihi. Anasema nimeandika vizuri sana kwa mtu asiyebeba ndoo za makaa. Bi. Ina naye, anayekohoa moshi wetu tangu alipopata fahamu, anaitaka mashine yake siku hiyo hiyo umeme utakaporudi. Anasema hajawahi kuwa na miguu yenye joto kama mwaka huu. Wanaomba jambo moja tu: dohani ya baba isizibwe, na ya Bi. Ina izibuliwe. Atakuwa anachoma gazeti moja kila asubuhi. Nikamwambia gazeti halipashi chumba joto.

"Nani kasema joto?" akanijibu. "Ni ili Wattie avue buti."